Kinywa cha Mchimba Ulanga

Siku ya kuniaga mlinipa kiti cha kupumzikia. Nimekikalia wiki tatu sasa, na kiuno kinaniuma kuliko miaka yote niliyosimama kazini. Nimekihamishia upenuni, paka anakilalia, na mimi nimerudi kwenye kigoda changu niandike yale mliyoniomba. Vyeo sitaviandika, mnavijua. Mshahara ndio kabisa, maana ni huohuo mnaopewa ninyi. Nitaandika zaidi habari za mgonjwa mmoja, kwa kuwa kila nilipowaona mnataniana na wagonjwa pale kwenye benchi nilikuwa namkumbuka yeye, nanuna, nanyi mkasema mzee ameamka vibaya.

Nilianza kazi wakati wa Wadachi, hapahapa Morogoro, reli ikiwa bado mpya na watu wa milimani wakishuka kuitazama tu kisha wanarudi zao. Mimi nilikuwa kijana wa pwani, najua kusoma, nina kanzu mbili safi, nikaona hospitali itanifaa. Siku ya kwanza nikapewa ufagio. Siku ya pili, ufagio. Siku ya tatu nikamwendea Mzee Feruzi, msaidizi mkubwa wa bwana mganga wa Kidachi, nikamuuliza uganga nitaanza lini.

Akanitazama tangu miguuni mpaka kichwani. "Umefagia chini ya vitanda?"

"Bado, mzee."

"Basi uganga uko huko, kautafute."

Feruzi alikuwa amewahi kuwa askari, na vita ilimwachia vidole vitatu mkono wa kushoto. Kwa vidole hivyo vitatu aling'oa meno kuliko yeyote niliyemwona baadaye mwenye kumi. Alinifundisha kwa mataya ya ng'ombe tuliyopewa na mchinjaji, nyuma ya jiko, mpaka nzi wakatuzoea. Koleo lichemshwe, lipanguswe, lipakwe mafuta kidogo kwenye kiungo. Usilivute jino, litikise kwanza mpaka lijue kwamba linaondoka. Na kabla ya kugusa, uliza maswali mawili: jino linauma tangu lini, na kabla ya jino kuuma kiliuma nini? Lile swali la pili vijana wote tulikuwa tunaliruka.

Kisha kulikuwa na utani. "Mtu akicheka, shingo inalegea," alisema. "Ikilegea tu, ng'oa." Hilo nililishika upesi kuliko yote. Mtoto wa pwani hafundishwi maneno. Nikawa na mzaha wa kila jino, na watu waliokaa kwenye benchi wakisubiri zamu wakawa wanacheka kabla hata sijafungua mdomo. Nilijiona nimefika.

Mgonjwa huyo, jina lake Mloka, alikuja wakati wa masika, asubuhi. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mrefu, aliyekonda, anakohoa kikohozi kikavu huku amejishika ubavu. Kazi yake ilikuwa kwenye shimo la ulanga la Mzungu mmoja huko juu Uluguru. Ulanga ninyi mnaujua kwenye vioo vya majiko, yale mawe yanayobanduka karatasi karatasi na kung'aa. Vumbi lake lilikuwa limemwingia kwenye nyusi, kwenye kucha, kwenye mikunjo ya shingo. Alipopita penye jua alimetameta mwili mzima, na wale wa kwenye benchi wakamwita bibi harusi.

"Shikamoo, mzee. Jino gani?"

"Marahaba, bwana. Hili la juu, huku nyuma. Linacheza."

Nikatia koleo. Halikunisumbua hata kidogo, lilitoka kama mhogo kwenye udongo wa mvua. Nilifurahi, nikadhani ni ufundi wangu. Mzee Feruzi akalichukua, akaligeuza geuza penye mwanga wa dirisha. Lilikuwa jino zima, jeupe mpaka kwenye mizizi.

"Hili halina kasoro. Kwa nini lilegee?"

"Labda uzee, mzee."

"Uzee wa jino moja?"

Wagonjwa wengine walikuwa wanasubiri, swali likaishia hapo. Mloka akakohoa, akatema kwenye kopo, na mate yalikuwa na damu. Nikasema moyoni ni ya ufizi. Ningemuuliza kabla ya jino kiliuma nini, angeniambia kifua. Sikumuuliza.

Baada ya wiki mbili akarudi. Benchi lilikuwa limejaa, wengi wao watu wa milimani waliokuja na watoto wenye homa. Nikamwambia apanue kinywa. Pale nilipotoa jino palikuwa pameota kitu. Kilikuwa nyama laini, nyekundu ya kuelekea zambarau, ukubwa wa kunde mbichi, na nchani kilikuwa na kinundu cheupe kidogo kilichochongoka. Nilishtuka. Nilipokuwa kijana, nikishtuka, ulimi wangu ulikuwa unatangulia kabla ya akili.

"Ala! Mzee Mloka!" nikasema kwa sauti, ili benchi lote lisikie. "Mbona unaota jino tena, na umeanzia juu? Nani kakuzaa upya?"

Hakucheka mtu. Mama mmoja akamvuta mwanawe, akamfunika mdomo kwa kiganja, akaondoka bila kutibiwa. Akafuata mwingine. Mloka akafumba kinywa polepole, akanitazama kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni.

Ninyi vijana wa mjini labda hamjui habari za kigego, kwa hiyo nieleze. Mtoto anatakiwa aanze kuota meno ya chini. Akianza ya juu, huyo ni kigego, na zamani hakulelewa. Walisema akiachwa aishi, kila jino lake litakaloota litaondoka na mtu wa ukoo wake. Akifa hazikwi na wenzake, hutupwa msituni, na mama aliyemficha hufukuzwa kwa sababu ya vifo vyote vilivyotokea tangu siku hiyo. Na mimi nilijua! Bibi yangu alinisimulia mara ngapi sijui. Lakini niliona ni hadithi ya kulalia watoto, nami nilikuwa mtu wa hospitali. Mdomo uliponza kichwa, wanasema. Wangu uliponza kichwa cha mwingine.

Nikakata ile nyama. Damu ilitoka nyingi kuliko ilivyostahili, tukaizuia kwa pamba na chuma cha moto. Siku ya tisa ilikuwa imeota tena, kubwa zaidi. Ndipo bwana mganga akaitwa. Alikuwa Mdachi mfupi, mpole kwa wagonjwa na mkali kwa chupa chafu. Kinywa alikitazama kidogo tu. Akamvua shuka, akaweka kidole cha mkono wa kushoto kifuani kwa Mloka, akakigonga kwa kidole cha kulia. Akahama kidogo, akagonga tena. Kisha akanishika mkono, nami nikagonga. Kifua cha kulia kililia kama debe tupu. Cha kushoto kilikuwa kizito, hakikutoa sauti, kama debe lililojaa unga.

"Mzizi uko huku," akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Kinywani ni tawi tu. Ugonjwa umepanda kwa njia ya damu."

Ndiyo saratani mnayoisoma sasa vitabuni, ya mapafu, na huwa inatupa mbegu mbali na shamba lake. Wakati ule mimi nilichojua ni kwamba bwana mganga alinawa mikono, akaniita pembeni, akaniambia hakuna dawa, apewe ya maumivu, arudi kwao. Hatamaliza mwezi. Na amri: mgonjwa asiambiwe. Hiyo ilikuwa sheria ya hospitali ile, na Feruzi naye aliishika. Nikarudi kwa Mloka nikamwambia, "Kapumzike nyumbani, mzee, utapata nafuu." Akanishukuru kwa mikono miwili.

Haikupita muda, akaja dada yake, aitwaye Sikujua, mama wa watoto wanne. Hakukaa kwenye benchi. Alisimama mlangoni, amejifunika kanga mpaka puani, na maneno yake aliyasemea humohumo ndani ya kanga.

"Wewe ndiye uliyesema kaka anaota jino?"

"Dada, ule ulikuwa mzaha."

"Mzaha wako ulifika kabla yake. Siku aliyorudi kwetu, watoto wawili walikuwa wamekufa kwa homa. Wamemtoa kijijini. Yuko kwenye kibanda ukingoni mwa msitu, na anayempelekea chakula ni mama peke yake. Keshokutwa ukoo unakaa. Wakisema ni kigego, akifa atatupwa, mama atafukuzwa, na mimi na wanangu hatutakuwa na pa kulima. Neno limetoka kwako. Njoo ulirudishe."

Bwana mganga alicheka habari za meno, lakini akanipa ruhusa. Feruzi hakucheka. Alinipa ile chupa ya spiriti tuliyohifadhia nyama niliyokata mara ya kwanza, akasema, "Utalirudishaje neno? Maji haya yameshamwagika." Kisha akanifungia kisu na pamba, kama naenda kutibu.

Tulipanda mlima siku nzima, mimi na Sikujua. Karibu na machimbo njia yote ilikuwa imetapakaa ulanga, na jua lilipotoka kwenye ukungu ardhi iliwaka pande zote, ikawa sijui nikanyage wapi. Shimoni walikuwa wanagonga, nasikia nyundo chini ya miguu yangu, na mtu simwoni. Kijijini niliwaamkia wazee, hakuna aliyeitikia. Kila niliyekutana naye aliinua mkono akajifunika mdomo, wakubwa kwa watoto. Nilipomuuliza Sikujua kwa nini, akasema, "Wanaogopa usije ukahesabu meno yao." Mimi! Nilitamani kurudi. Nasema kweli, niliogopa sana, nikatazama nyuma mara mbili tatu.

Mloka alikuwa amelala kibandani kwenye majani ya mgomba. Ile nyama ilikuwa imejaa kinywani na kutokeza nje, midomo haikutani tena. Akipumua ilitikisika, na mtu aliyekuja kuangalia jino angeapa kwamba kuna kitu ndani kinachotaka kutoka. Alipokohoa, mate yalimeta kwa ulanga. Nikamgonga kifua. Ule uzito sasa ulikuwa umepanda mpaka begani. Nikahesabu moyoni siku tatu, nne zikizidi. Akanishika mkono, akasema kwa taabu, "Bwana, ukoo ukinisafisha, nitapona. Si ulisema?"

Nikasema naenda kuchota maji.

Mama yake, Bibi Tatu, alinifuata kijitoni. Alikuwa mwembamba, macho makavu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Akatazama huku na huku. "Nani alikwambia?"

"Kuniambia nini, bibi?"

"Habari ya jino. Sikumwambia mtu. Hata baba yake hakujua." Sauti yake haikutetemeka. "Lilianza la juu. Nililiona mimi, asubuhi, ananyonya. Nikasema nina jipu la titi, nikahamia naye kibanda cha shambani mpaka yakatoka ya chini. Miezi mitatu nilimfunika uso. Nikadhani siri hii nitazikwa nayo. Halafu wewe, mtoto wa watu wa pwani, ulimwangalia kinywani mara moja ukaisema mbele ya watu. Nani alikwambia?"

Mtungi ulinitoka mkononi ukazama. Nimefanya kazi na maiti, vijana wangu, nimeshika vitu msivyopenda kusikia, lakini nywele zilinisimama siku ile mchana kweupe. Nilimwapia kwamba hakuniambia mtu. Akainama kuutoa mtungi majini.

"Basi," akasema, "hilo ndilo baya zaidi."

Asubuhi ukoo ukakaa mbele ya kibanda, Mloka ameegemezwa mlangoni ili asikie. Mkuu wao, ambaye wanamwita mndewa, alikuwa mzee mmoja aitwaye Kobelo, mpole wa sauti, na yeye peke yake hakujifunika mdomo. Nikaweka jani la mgomba, nikamimina ile nyama kutoka kwenye chupa, nikaikata vipande vipande mbele yao. Ilikuwa nyama tupu, hata pale nchani palipokuwa peupe, punje ngumu hakuna. Nikamwomba mzee Kobelo agonge kifua chake mwenyewe, kisha cha Mloka. Akagonga kwa kidole kama nilivyomwonyesha, akaweka sikio, akagonga tena, akawaita wenzake watatu wakagonga nao.

"Kimejaa," akasema. "Ugonjwa uko ndani huku. Nimesikia."

Nikaanza kuvuta pumzi. Lakini mmoja akasema, "Tumeona hiyo ni nyama. Sasa tuulize la utotoni. Tatu aape." Wakaleta kibuyu cha maji yaliyotiwa udongo wa makaburi ya ukoo. Anywe, aseme: kama nilimficha kigego, mwanangu asiuone mwezi mpya.

Mwezi mpya ulikuwa bado siku nane.

Nikaona mtego ule jinsi ulivyokaa. Akikataa kunywa, amekiri. Akinywa, Mloka atakufa baada ya siku tatu kwa ugonjwa wake, nao watasema kiapo kimemuumbua, na atatupwa msituni mama yake akitazama. Bibi Tatu alikuwa ameshapokea kibuyu. Alijua anachokunywa. Mkono wake ulikuwa unapanda.

"Msimwapishe kwa mwezi," nikasema. "Atakufa kabla. Aape, asiape, atakufa. Bwana mganga alishasema tangu kule chini, nami jana nimesikia kifuani. Ni siku tatu au nne. Kiapo hicho hakitapima kitu."

Nilikuwa nimewageukia wazee. Nilipogeuka nikakutana na macho ya Mloka. Yeye ndiye aliyekuwa hajui. Alijaribu kusema, ikabidi arudie mara mbili ndipo nikaelewa.

"Mzaha ulinitangazia mbele ya watu. Hili ukanificha."

Nililia mbele ya wazee wa watu, kijana mwenye kanzu safi. Mzee Kobelo akachukua kibuyu mikononi mwa Bibi Tatu, akamwaga maji chini.

"Mtu hapimwi kwa kifo ambacho kimeshatamkwa," akasema. "Jino halikuonekana. Hatuna jino wala kiapo. Akifa azikwe kwenye makaburi ya wajomba zake. Lakini tutamuaga uso wazi, na kinywa kimefungwa kama cha watu."

Bwana mganga alinipa siku mbili, nikakaa tano, na adhabu niliyoipata niliporudi niliistahili. Mloka hakusema nami tena, ila alikubali nimnyweshe maji kwa pamba. Nilimpa dawa yote ya maumivu niliyokuwa nayo. Alikufa siku ya tatu, saa sita mchana, watu wakiwa mashambani.

Bibi Tatu akafunga mlango wa kibanda, tukabaki wawili. Kinywa hakikufungika. Ile nyama ilikuwa imesukuma taya, na bila kuiondoa, watu wangekuja wakaona mtu aliyekufa amebana kitu kati ya midomo, na maneno ya kigego yangeanza upya. Nikatoa kisu. Nikaingiza kidole pembeni, nikaanza kukata kwa ndani, karibu na ufizi, taratibu. Kulikuwa kimya kabisa.

Kisu kikagonga kitu kigumu.

Kiligonga mara moja, kikatoa sauti ndogo, ile sauti ya chuma na jino ninayoijua kuliko jina langu. Ugonjwa ule hula mfupa wa taya na kuacha vipande ndani ya nyama. Nimekuja kulisoma hilo miaka mingi baadaye, na nimewafundisha ninyi wenyewe. Siku ile nilikuwa silijui. Ningeweza kupasua nikatazama. Mwanga ulikuwa unatosha.

Nikainua macho. Bibi Tatu alikuwa ameketi kichwani pa mwanawe, ameshika kitambaa cha kufungia taya. Alikuwa amesikia.

Nikazungusha kisu nyuma ya kile kitu, nikakitoa pamoja na nyama yake bila kukipasua, nikakifunga kwenye jani na kumpa. Akakipokea, akakitia kifuani ndani ya kaniki. Tukafunga taya kwa kitambaa. Midomo ikakutana vizuri, akawa mzuri wa uso.

"Tayari?" akaniuliza.

"Tayari, bibi."

Akafungua mlango, akaita watu waje kumuaga.